Nyama au Mboga? Mazungumzo na Vikundi Kuhusu Chakula cha Nyumbani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu yalivyosemwa, na kuongeza majibu ya maswali machache yaliyoulizwa siku hiyo.)



Leo tumeweka kando mambo ya mikopo na daftari la michango. Tumekuja na swali ambalo tunaulizwa karibu katika kila kikundi tunachotembelea. Swali lenyewe ni hili: kwa afya ya mwili, je, ni afadhali mtu ale nyama, ama aache nyama kabisa na ashike mboga, nafaka na maharagwe?

Swali hili haliji kwa sura moja. Mzee aliyepimwa akaambiwa ana presha huuliza kama nyama ndiyo iliyomletea. Mama ambaye mtoto wake haongezi uzito kwenye kitabu cha kliniki huuliza atafanya nini, na nyumbani kwake nyama huonekana Krismasi na siku za mazishi. Kijana aliyetoka mjini husema ati hata wazungu siku hizi wanaacha nyama. Jirani yake humcheka, maana kwa huyo jirani kula sukuma wiki kila siku ni alama ya umaskini, basi. Wote hawa wanauliza jambo moja, lakini jibu la mmoja haliwezi kuwa jibu la mwingine. Hapo ndipo tunataka kukaa leo.

Waliouliza kabla yetu

Swali hili si geni hapa Kenya. Mwaka 1931 ilitolewa ripoti moja ya John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu wakati wa ukoloni, na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland. (Huyu Orr ndiye baadaye, mwaka 1945, alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.) Walilinganisha afya ya Wamaasai na ya Wakikuyu. Wamaasai wa siku hizo waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula zaidi mahindi, viazi vitamu, mtama na maharagwe.

Ripoti ilisema kwamba mwanamume wa Kimaasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa urefu wa inchi 5 na kwa uzito wa ratili 23. Kwa upande wa Wakikuyu walikuta zaidi meno mabovu, upungufu wa damu na magonjwa ya mapafu. Kwa upande wa Wamaasai walikuta zaidi kufunga choo na maumivu ya viungo. Basi watu wengi waliosikia habari hizo walisema, "Si mnaona, nyama ndiyo afya."

Lakini kuna jambo katika ripoti hiyo hiyo ambalo halitajwi sana. Wanawake wa jamii hizo mbili hawakutofautiana sana kama wanaume. Ripoti ilieleza kwamba wanawake wa Kikuyu walikuwa wakila mboga za majani ambazo wanaume hawakuzila sana. Kwa hivyo hata wakati huo jibu halikuwa nyama peke yake. Tena, jamii mbili zinazoishi mahali tofauti, zenye kazi tofauti na magonjwa tofauti, huwezi ukazipima kwa mizani ukasema tofauti yote imeletwa na sahani. Ilihitajika watoto wa mahali pamoja, wa umri mmoja, wanaokula chakula kimoja, halafu wengine waongezewe nyama na wengine wasiongezewe. Hilo lilifanyika, na lilifanyika hapa hapa kwetu.

Githeri ya Embu

Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, miongoni mwao Profesa Nimrod Bwibo na Daktari Charlotte Neumann, walifanya kazi katika shule 12 za msingi huko Embu. Watoto walikuwa zaidi ya 500, wa darasa la kwanza walipoanza. Shule ziligawanywa mafungu manne. Watoto wa fungu la kwanza walipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. Wa fungu la pili walipewa githeri na kikombe cha maziwa. Wa fungu la tatu walipewa githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia, ili nguvu ya chakula ilingane na ya wenzao. Fungu la nne hawakupewa kitu shuleni. Walikula cha nyumbani tu kama kawaida.

Nyama yenyewe haikuwa ya karamu. Ilikuwa gramu 60 kwa mtoto kwa siku, baadaye ikaongezwa mpaka 85. Ukiiweka kwenye kiganja, hata haijazi.

Matokeo yalikuwaje? Watoto wote walioongezewa chakula walipata uzito kuliko wale wa fungu la nne. Lakini misuli ya waliokula nyama iliongezeka kuliko ya wengine wote. Katika jaribio la kufikiri, lile la kutafuta kipande cha picha kilichopungua, hao hao ndio waliopiga hatua zaidi. Uwanjani, wakati wa mapumziko, walionekana wakikimbia zaidi na kuongoza wenzao katika michezo. Maziwa nayo yalifanya kazi yake: watoto waliokuwa wafupi kuliko umri wao ndio waliofaidika kwa urefu. Na upungufu wa vitamini B12, ambao watoto wengi walikuwa nao mwanzoni, ulipungua sana kwa waliokula nyama na kwa waliokunywa maziwa.

Sasa angalieni vizuri. Hakuna mtoto aliyeambiwa aache mahindi na maharagwe. Githeri ilibaki githeri. Kilichobadilisha mambo ni konzi ndogo ya nyama au kikombe kimoja cha maziwa juu ya chakula cha kawaida.

Kwa nini kidogo hivyo kifanye kazi kubwa? Kwa sababu nyama ina madini ya chuma na zinki katika hali ambayo mwili huyachukua kwa urahisi. Chuma iko pia katika maharagwe na mboga za majani, lakini mwili huchota sehemu ndogo tu, nyingine hupita. Na mtoto ana tumbo dogo. Mtu mzima anaweza kula sahani kubwa ya githeri na mboga mpaka apate ya kumtosha. Mtoto wa miaka miwili hawezi. Hushiba kabla hajapata anachohitaji.

Mgao wa nyumbani

Hapa tuulizane bila kuoneana haya. Nyama inapopikwa nyumbani kwenu, nani hupata nini?

Tulipouliza katika vikundi, akina mama walicheka kwanza. Halafu wakasema. Baba hupata minofu. Mgeni akiwapo, naye hupata minofu. Watoto hupata supu na mfupa wa kufyonza. Mama hula kilichobaki kwenye sufuria, na mara nyingi ni mchuzi ambao umepakwa nyama.

Watu wengi huamini kwamba nguvu yote ya nyama huingia kwenye supu. Supu ni tamu, huamsha hamu ya kula, na mgonjwa huifurahia. Lakini sehemu kubwa ya protini na chuma hubaki kwenye nyama yenyewe. Mtoto anayepewa supu na kuambiwa amekula nyama, hajala nyama. Afadhali kipande kimoja kidogo kikatwe vipande vidogo vidogo, kipondwe, kichanganywe na viazi au ugali wake laini, kuliko bakuli mbili za supu.

Halafu iko ile nyama isiyofika nyumbani kabisa. Siku ya soko mtu huuza kahawa au mbuzi, anapitia bucha, anaagiza nusu kilo ya kuchoma na rafiki zake, kila mmoja na yake. Shirika la World Cancer Research Fund, linalochunguza mambo ya saratani na chakula, hushauri kwamba mtu mzima anayekula nyama nyekundu (ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe) asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki nzima. Hiyo ni kama gramu 500 hadi 700 kabla ya kupikwa. Basi huyu ndugu yetu amemaliza ya wiki kwa kikao kimoja, tena na chumvi pembeni, na pengine kliniki walishamwambia ana presha. Nyumbani ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye ana wiki tatu hajaonja nyama, na mke mjamzito anayesikia kizunguzungu akiinama kuchota maji.

Hatusemi haya ili watu wakagombane nyumbani. Tunasema kwa sababu pesa ilikuwapo na nyama ilinunuliwa. Ilienda kwa tumbo ambalo halikuihitaji. Mwaka 2015 uchunguzi wa Wizara ya Afya ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 18 hadi 69, ana presha. Na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Shida hizi mbili ziko katika nchi moja, na mara nyingine ziko katika boma moja.

Ni vile vile na maziwa na mayai. Katika sehemu zetu za ng'ombe wa gredi, gari la daiari hupita asubuhi na kuchukua yote, na watoto hunywa chai ya rangi kabla ya kwenda shule. Mayai hukusanywa kwenye trei, hupelekwa sokoni, na pesa yake hununua mafuta ya taa na mkate mweupe. Pesa ni lazima, tunajua; karo haingoji. Lakini kikombe kimoja kwa kila mtoto kikitolewa kabla ya ndoo kupelekwa barabarani, hasara yake kwa mwezi ni ndogo kuliko safari moja ya hospitali. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kwa bei ya kwenu.

Kuna pia mambo ya mila. Katika jamii zetu kadhaa mwanamke hakula kuku wala mayai, na firigisi ilikuwa ya mwenye boma. Mila ina sababu zake na hatukuja kuwatukana wazee. Ila mayai hayazuii mtoto kusema, kama wengine wanavyoambiwa, na mjamzito akila yai halimfanyi ashindwe kujifungua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23, pamoja na kunyonya, ale kila siku chakula kinachotoka kwa mnyama, iwe nyama, samaki au yai. Kila siku ni mzigo kwa wengi wetu. Omena hupunguza mzigo huo. Ichambuliwe, ioshwe, ikaangwe kavu, isagwe, kisha kijiko kitiwe kwenye uji au mboga ya mtoto. Wenzetu wa magharibi wanajua pia kumbikumbi. Msiwaonee aibu, wana protini na mafuta mazuri.

Anayetaka kuacha nyama

Sasa tumgeukie mtu mzima anayetaka kuacha nyama kabisa. Je, inawezekana na akawa na afya? Inawezekana. Tunao majirani wa kutufundisha. Kina ndugu wetu Wasabato, wengi wao Kisii na Nyanza, baadhi yao hawali nyama. Familia nyingi za Wahindi hapa Kenya hazijala nyama kwa vizazi na vizazi, na ukienda kwao hukosi dengu, mtindi na mboga aina tatu.

Huko Marekani kuna utafiti mkubwa uliofanywa kwa Wasabato, ulioanza mwaka 2002 na kuandikisha watu kama 96,000. Ulipendeza kwa sababu walinganishwa walikuwa wa kanisa moja, wengi wao hawavuti sigara wala kulewa, tofauti kubwa ikiwa ni chakula. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba wasiokula nyama, kwa muda ule waliofuatiliwa, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 12 kuliko wanaokula. Uzito wao ulikuwa wa chini, na kisukari na presha vilionekana kwao mara chache zaidi. Waliokula samaki lakini wakaacha nyama nyingine nao walifanya vizuri sana.

Lakini tusikimbie. Mtu wa California anayeacha nyama ana duka la karibu lenye maziwa, njugu za kila aina, nafaka zilizoongezwa vitamini, na vidonge. Anachoweka mahali pa nyama anakijua. Kwetu mara nyingi mtu huondoa nyama na kuongeza ugali. Huyo hajachagua chakula cha mboga, amechagua ugali. Mandazi pia haina nyama, soda haina nyama, chipsi hazina nyama. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila nyama na akapata kisukari kwa vitu hivyo hivyo.

Mwenye kuacha nyama aweke maharagwe, kunde, ndengu, njahi, mbaazi au njugu kila siku, si mara moja kwa wiki. Mahindi yana upungufu wa sehemu fulani ya protini ambayo maharagwe yanayo, na maharagwe yana upungufu wa ile ambayo mahindi yanayo. Wazee wetu waliovipika katika chungu kimoja walifanya jambo la maana kabla sayansi haijaeleza. Ila githeri ya siku hizi mahali pengi imekuwa mahindi kumi na haragwe moja linaloogelea. Jaribuni gorogoro mbili za mahindi kwa moja ya maharagwe, au hata nusu kwa nusu. Kwa bei, pesa ya kilo moja ya nyama mara nyingi hununua kilo tatu za maharagwe au zaidi.

Maharagwe yalowekwe usiku na maji yale yamwagwe. Yataiva upesi, yataokoa kuni, na tumbo halitajaa gesi sana. Wanaotumia kikapu cha kupikia bila moto, tafadhali yachemsheni kwanza motoni kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kuyafunika, maana maharagwe mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya kuumiza tumbo.

Chuma ya mboga inahitaji kusaidiwa. Kitu chenye uchachu kama ndimu, chungwa, pera au nyanya, kikiliwa pamoja na mboga, huusaidia mwili kuichukua. Chai na kahawa huizuia. Na sisi Wakenya chai tunaiweka katikati ya chakula! Ingojeeni saa moja hivi baada ya kula. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kliniki, asivimeze kwa chai. Avimeze kwa maji. Terere, managu, majani ya kunde na mrenda visipikwe mpaka viwe rojo. Na viwekwe mafuta kidogo au vipikwe na njugu zilizosagwa, kwa sababu vitamini A iliyo ndani yake huchukuliwa na mwili pamoja na mafuta.

Tukitaja njugu na mahindi, tukumbuke sumu ya kuvu. Mwaka 2004 sehemu za Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Anayetegemea nafaka na njugu kuliko wengine ndiye wa kukausha vizuri kuliko wengine.

Halafu vitamini B12. Hii haipatikani katika mboga, wala matunda, wala maharagwe. Inatoka kwa nyama, samaki, maziwa na mayai tu. Anayeacha nyama lakini anakunywa maziwa na kula mayai ya kutosha hana shida kubwa. Anayeacha vyote, pamoja na maziwa na mayai, ni lazima apate vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Upungufu wake huja polepole, pengine baada ya miaka: uchovu, ganzi mikononi na miguuni, kusahau sahau, damu kupungua. Wenye kisukari wanaotumia metfomini kwa muda mrefu wawe waangalifu zaidi, maana dawa hiyo pia hupunguza B12. Wakisikia ganzi wamwambie daktari, wasidhani ni sukari peke yake.

Mtoto mdogo na mama mjamzito au anayenyonyesha, sisi hatuwashauri kuacha vyakula vyote vya wanyama. Kama ni kwa imani ya nyumba, basi maziwa na mayai yabaki, na mama azungumze na mhudumu wa kliniki mapema.

Presha, sukari, na gauti

Mwenye presha mara nyingi hulaumu nyama, na kusahau chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya mkate na mchuzi wa pakiti. Apunguze nyama yenye mafuta mengi, aondoe chumvi mezani, na aongeze mboga, maharagwe na matunda. Dawa asiiache ati kwa sababu ameacha nyama. Tumeona watu wakifanya hivyo na wakaanguka.

Mwenye kisukari atazame kwanza ugali, wali, chapati na chai ya sukari, ndipo atazame nyama. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharagwe au nyama isiyo na mafuta au samaki, na robo iwe ugali. Ile robo ndiyo huleta ubishi. Mwanamume mmoja katika mkutano alisema hiyo si ugali, ni kuonja. Tukamwambia aongeze mboga mpaka ashibe, sio ugali.

Mwenye gauti, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuwaka, ni kweli nyama nyekundu, maini, figo na matumbo humletea taabu. Pombe pia, hasa bia, ambayo wengi hawapendi itajwe. Na huyu hatumwambii ahamie omena, kwa sababu samaki wadogo kama hao wana kitu hicho hicho kinachochochea gauti. Maharagwe anaweza kula, na maziwa yanamfaa.

Maswali yaliyoulizwa

Kuna aliyeuliza juu ya soseji na smokie zinazouzwa stendi za matatu. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema nyama za kiwandani za namna hiyo husababisha saratani ya utumbo mpana. Gramu 50 kila siku, karibu soseji moja, huongeza hatari kwa asilimia 18. Mtu akila moja kwa miezi sio msiba. Lakini kuwapa watoto kila siku kama ndiyo nyama yao, hapana. Nyama ya kuchoma iliyoungua ikawa nyeusi, ukwangue ule weusi kabla ya kula.

Mwingine aliuliza ng'ombe akifa mwenyewe, nyama itupwe, na watu wana njaa? Asiliwe. Msimpasue, hata ngozi msichune, kwa maana kimeta huua na huambukiza anayepasua. Mwiteni afisa wa mifugo. Nyama ya bucha iwe na muhuri wa mkaguzi, na iive. Ya nguruwe hasa, kwa sababu ya minyoo ya tegu.

Na mama mmoja aliuliza swali ambalo lilinyamazisha chumba. Alisema, "Haya yote nimeyasikia. Nikimpa mtoto mnofu na baba nikampa mboga, mtakuja kunitetea?" Hatukumjibu haraka. Tulikubaliana kwamba mafunzo haya yasifanyiwe akina mama peke yao jikoni. Vikundi vya akina baba, pamoja na vya boda boda na vya kahawa, vitapangiwa siku yao, na mpishi siku hiyo atakuwa mwanamume. Vikundi viwili vimeshajitolea.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kitengeneze karatasi ya siku saba. Msiandike majina ya watu. Andikeni "mtoto chini ya miaka 5", "mama", "baba", "mzee", na mbele yake alichokula asubuhi, mchana na jioni. Chini ya karatasi andikeni maziwa na mayai mangapi yaliuzwa, na mangapi yalibaki nyumbani. Wasioweza kuandika wasaidiwe na wanafunzi. Wenye mbegu za terere na managu wabebe kidogo kwenye karatasi ili tubadilishane. Tutaanza saa nne, na githeri tutapika pale pale.